Dawa Mbili za Kifua kutoka Bara Hindi

Wahenga walisema kuwa mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Na kwa kuwa kikohozi hakifichiki, hakuna taifa lililoacha kukitafutia dawa. Bara Hindi ina hazina kubwa ya dawa za namna hiyo, zilizoandikwa katika vitabu vya elimu ya tiba iitwayo Ayurveda, yaani elimu ya maisha. Katika hazina hiyo zimo dawa mbili ambazo historia zake yafaa zitiwe katika mizani moja. Ya kwanza ni Chyawanprash, dawa nzito na tamu ya kulamba, ambayo leo huuzwa madukani kwa sifa ya kukipa kifua nguvu na kuupa mwili kinga. Ya pili ni jani chungu la kichaka kiitwacho vasaka. Dawa ya kwanza ilihifadhi jina lake kwa karne nyingi, walakini vitu vilivyomo ndani yake vikabadilika, na maana ya sifa zake ikabadilika pia. Ya pili ilipoteza jina lake, lakini kazi yake ikapimwa, hata leo mzao wake umo katika nyumba nyingi ambamo neno vasaka halijapata kutajwa. Madhumuni ya insha hii ni kueleza jinsi njia hizo mbili zilivyoachana, na faida na hasara ya kila moja kwa mtu aliye mgonjwa.

Kitabu kikuu cha Ayurveda kilichosalia ni Charaka Samhita. Kwa mapokeo, msingi wake ni mafundisho ya mjuzi Atreya yaliyoandikwa na mwanafunzi wake Agnivesha. Charaka akayasanifu upya, wataalamu wengi wadhanivyo, karibu na mwanzo wa tarehe ya Kikristo. Na karne kadhaa baadaye Dridhabala akajaza sehemu zilizokuwa zimepotea. Kina sehemu nane na sura 120. Kwa mujibu wa kitabu hicho, mwili huendeshwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, ambazo kwa kukisia tu zaweza kuitwa upepo, nyongo na kohozi. Zikiwa katika mizani mtu yu mzima. Moja ikizidi au ikipotea njia yake, mtu huugua. Kikohozi kimegawanywa katika namna tano, na shida ya kupumua vilevile namna tano. Hesabu hii iko mbali na elimu ya vijidudu iliyozuka Ulaya katika karne ya 19. Lakini si haki kuidharau, kwa kuwa waandishi wake walikuwa watazamaji hodari. Walipoeleza pumu, waliandika kwamba mgonjwa akilala huzidiwa na akiketi hupata nafuu, na kwamba mawingu, baridi na upepo wa mashariki humwongezea taabu. Yeyote aliyepata kumwuguza mwenye pumu usiku atayatambua maelezo hayo.

Charaka Samhita yazigawa dawa katika mafungu mawili: zile zimwongezeazo nguvu aliye mzima, na zile zimwondoleazo ugonjwa aliye mgonjwa. Katika fungu la kwanza ndimo zilimo dawa ziitwazo rasayana, ambazo kazi yake ni kulisha viungo vyote vya mwili, kurefusha maisha na kuchelewesha uzee. Sura ya kwanza ya sehemu ya matibabu ni ya rasayana peke yake, na humo ndimo ilimoandikwa dawa ya mzee Chyavana.

Jina la mzee huyo ni la kale kuliko dawa yenyewe. Katika nyimbo za Rigveda ametajwa kuwa mzee aliyerudishiwa ujana na Ashvin, miungu pacha waliokuwa waganga. Kitabu kiitwacho Shatapatha Brahmana, na baada yake Mahabharata, vyasimulia kwa urefu. Binti mfalme aitwaye Sukanya aliozwa kwa mzee huyo aliyekuwa amechakaa kwa umri. Wale pacha wakamjia kumshawishi amwache, naye akakataa. Mwisho wakamwingiza mzee katika maji, akatoka kijana. Ni jambo la kutazamwa ya kuwa katika masimulizi hayo mzee hakulamba kitu. Ujana ulimrudia ndani ya maji. Katika Charaka Samhita ndimo dawa ya kulamba ilimochukua mahali pa maji yale, na hadithi iliyokuwa ya uaminifu wa mke ikawa ushahidi wa ubora wa dawa. Basi tangu mwanzo dawa hii iliazima sifa kutoka mahali pengine, wala haikuwa mara ya mwisho.

Jinsi ya kuitengeneza imeandikwa kwa uangalifu mwingi. Msingi wake ni tunda la amalaki, la mviringo, la kijani hafifu, kali kwa uchachu na lenye kuacha ukakasi mdomoni. Matunda 500 hupikwa katika maji pamoja na mizizi, magome na majani ya mimea mingi, miongoni mwake ile mizizi kumi ambayo waganga wa Bara Hindi huitumia kama kundi moja. Matunda yakiisha kulainika huopolewa na kutolewa kokwa, na nyama yake hukaangwa katika samli na mafuta ya ufuta. Maji yaliyobaki huchujwa, hutiwa sukari na kuchanganywa na nyama ile, kisha yote hupikwa tena mpaka yawe mazito kama halua. Chungu kikiisha kupoa, na si kabla ya hapo, hutiwa asali pala sita, unga mweupe upatikanao ndani ya mianzi pala nne, na pippali pala mbili. Tena pala moja ya viungo vinne vyenye harufu nzuri, mdalasini na iliki vikiwa miongoni mwao. Pala ni kipimo ambacho hesabu za leo hukikadiria karibu gramu 48.

Kitabu chaisifu dawa hii kwanza kwa kikohozi na shida ya kupumua. Kisha chasema kuwa ni lishe ya waliodhoofika, ya wazee na ya watoto. Halafu zafuata sifa nyingine nyingi, za sauti iliyokauka, kifua, moyo, kumbukumbu na maisha marefu. Sifa ni kubwa, walakini masharti nayo si madogo. Kiasi cha kulamba ni kile kisichomwondolea mtu hamu ya chakula, na kwa hiyo hakiwezi kuwa kimoja kwa watu wote. Kabla ya rasayana, mtu apaswa kwanza kusafishwa tumbo. Namna iliyotukuzwa zaidi ilimtaka aingie katika kibanda maalumu, mbali na upepo, jua na zogo la watu, akae humo siku nyingi chini ya uangalizi wa tabibu. Na asiyeweza hayo aliruhusiwa namna nyepesi zaidi, ya kuendelea na shughuli zake. Sura hiyohiyo yaongeza kwamba kusema kweli, kujizuia hasira na kuwaheshimu wakubwa ni rasayana pia. Kwa maneno mengine, mjuzi wa kale hakuandika habari za chungu cha dawa tu. Aliandika mwendo mzima wa maisha, ambao dawa ilikuwa sehemu yake moja.

Hata kilichomo ndani ya chungu hakikudumu vilevile. Katika mimea iliyotajwa imo kadhaa ya kundi la mimea minane ya milima ya Himalaya, ambayo kwa kupita kwa wakati ikawa adimu, na hata kuitambua kwa yakini kukawa tatizo. Katika karne ya 16 mwanachuoni Bhavamishra aliandika kwamba mimea hiyo ni vigumu kupatikana hata kwa wafalme, akataja mimea mingine ya kutumiwa badala yake. Tangu hapo badala imekuwa ndiyo desturi. Hilo si kosa la mtu mmoja, wala si udanganyifu. Mganga mwenye mgonjwa mbele yake hawezi kungoja mmea usioonekana. Lakini lafundisha kwamba neno Chyawanprash halikuwa na maana moja isiyobadilika, na kwamba asemaye watu wameila dawa hiyohiyo kwa miaka 2,000 asema zaidi ya yale ambayo vitabu vyenyewe vyakiri.

Majina kuishi huku vitu vikibadilika si jambo geni kwa msemaji wa Kiswahili, kwa sababu lugha yake imehifadhi mfano uliotoka katika chungu hichohicho. Pippali, dawa kubwa ya kikohozi katika Ayurveda, ni pilipili ndefu, tunda la mtambao umeao Bara Hindi. Jina lake la Kisanskriti lilipita kwa Waajemi na Waarabu, likafika katika pwani ya Afrika Mashariki likawa pilipili. Njiani liliacha mmea wake wa kwanza, likashikamana na ule ambao Waswahili huuita pilipili manga. Na mbegu za pilipili kali zilipoletwa kutoka Amerika, jina likauhamia mmea huo pia, ambao Charaka hakupata kuuona. Neno sukari nalo lina asili katika Kisanskriti, likapita njia hiyohiyo. Wala si viungo peke yake vilivyosafiri. Katika enzi ya makhalifa wa Baghdadi, vitabu vya tiba vya Kihindi vilifasiriwa; na mnamo mwaka 850 tabibu Ali ibn Sahl Rabban al-Tabari alimaliza kitabu chake Firdaws al-Hikma kwa kueleza mafundisho ya waganga wa Bara Hindi. Elimu hiyo, basi, haikuwa kisiwa. Ilijulikana, ikajadiliwa na kuheshimiwa mbali na kwao.

Pigo kubwa lilikuja katika karne ya 19. Mwaka 1822 watawala wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki walianzisha mjini Calcutta shule ya kuwafundisha wenyeji utabibu kwa lugha zao, na tangu mwaka 1827 Ayurveda ikafundishwa katika Chuo cha Kisanskriti cha mji huo. Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba elimu mbili zingeweza kukaa jirani. Mwaka 1835, chini ya Gavana Mkuu William Bentinck, mafunzo hayo yalikomeshwa, na badala yake pakafunguliwa chuo kipya cha utabibu kilichofundisha elimu ya Ulaya peke yake, kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata Madhusudan Gupta, aliyekuwa mwalimu wa Ayurveda katika Chuo cha Kisanskriti, alishiriki katika kuipasua maiti kwa ajili ya masomo, jambo lililohesabiwa kuwa mwanzo wa zama mpya. Mtu huyo mmoja alikuwa daraja kati ya elimu mbili. Lakini serikali ilikuwa imekwisha kuamua kuwa daraja halihitajiwi. Tangu hapo waganga wa Ayurveda waliendelea na kazi yao nje ya vyuo vya dola, wakitegemea wagonjwa wao na wakuu waliowafadhili.

Walioiokoa Ayurveda wakati ule walitumia silaha za zama mpya, yaani matbaa, kiwanda na chama. Vitabu vilivyokuwa vikinakiliwa kwa mkono vilipigwa chapa. Mwaka 1884 Dr. S. K. Burman alianza Calcutta biashara ya dawa iliyokuja kujulikana kwa jina la Dabur. Mwaka 1902 tabibu P. S. Varier alifungua Arya Vaidya Sala huko Kottakkal, katika nchi ya Malabar, akatengeneza dawa za vitabuni kwa wingi na kuziweka tayari katika chupa. Mwaka 1907 waganga waliunda mkutano mkuu wa Ayurveda wa Bara Hindi nzima. Mwaka 1949, miaka miwili baada ya uhuru wa India, Dabur ilianza kuuza Chyawanprash iliyofungwa kiwandani kwa nembo yake.

Faida ya mageuzi hayo haifai kufichwa. Pasipo viwanda na matbaa huenda sehemu kubwa ya elimu ile ingalipotea, na mtu asiye na tabibu karibu asingalipata dawa kabisa. Hata hivyo jambo moja liliachwa nyuma. Zamani mganga alimpikia mgonjwa aliyemjua, aliyemshika mkono na kumtazama ulimi, tena kwa majira yaliyofaa. Kiwanda hakimjui mlaji. Chupa moja humwendea mzee na mtoto, aliyekonda na aliyenenepa, mwenye kisukari na asiye nacho, ingawa sukari ni sehemu kubwa ya kilichomo. Masharti ya Charaka yalibaki katika kitabu, na sifa zikahamia katika karatasi ya chupa.

Ndipo lilipoingia neno kinga. Si kweli kwamba waganga wa kale hawakuwa na wazo la namna hiyo. Charaka Samhita yasema kuwa si miili yote iwezayo kustahimili ugonjwa; wanene kupita kiasi, waliokonda kupita kiasi, wenye chakula kibaya na wenye moyo dhaifu hushindwa upesi. Katika karne ya 11 Chakrapanidatta wa Bengal alipoyafafanua maneno hayo, alieleza uwezo wa mwili kuwa ni wa namna mbili: kupinga nguvu za ugonjwa uliokwisha kuja, na kuuzuia ugonjwa usizuke. Ufafanuzi huo ni wa kina, na mtu yeyote angeona fahari kuurithi. Lakini jambo lililokusudiwa ni nguvu ya mwili mzima, itokanayo na chakula, usingizi, mazoea na tabia. Kinga iliyoanza kuchunguzwa Ulaya katika miaka ya 1880, wakati Pasteur alipotoa chanjo ya kichaa cha mbwa na Metchnikoff alipoziona chembe za mwili zikiwameza wavamizi, ni jambo jingine. Hiyo ina ugonjwa wake maalumu, na yaweza kupimwa: mtu aliyechanjwa dhidi ya ndui hakukingwa na kipindupindu. Maneno mawili ya asili mbili yalipofasiriwa kwa neno moja, dawa ya kale ilijikuta ikiahidi jambo ambalo waandishi wake hawakupata kulifikiri.

Mfano wake ni habari ya vitamini. Vitamini C ilipotambuliwa mwaka 1932, tunda la amalaki lilionekana kuwa na nyingi, na mara sifa za kale zikapata tafsiri mpya ya kimaabara. Walakini vitamini hiyo huharibika kwa moto, na Chyawanprash hupikwa mara mbili. Tena kuwa na vitamini ni jambo moja, na kumzuilia mtu homa ya mapafu ni jambo jingine. Hata leo majaribio yaliyofanywa kwa watu ni machache na madogo kwa kulinganishwa na wingi wa chupa zinazouzwa.

Njia ya vasaka ilikuwa kinyume cha hiyo. Ni kichaka cha kawaida, chenye majani mapana na maua meupe, kimeacho chenyewe katika sehemu nyingi za Bara Hindi. Wataalamu wa mimea hukiita Justicia adhatoda. Waganga wa Ayurveda walikitumia kwa kikohozi na kwa wenye kutema damu, mara nyingi wakikamua maji ya majani na kuyatia asali ili kupunguza uchungu. Mmea huu haukuwa na hadithi ya mfalme wala ya miungu ya kuupamba. Mwaka 1888 mkemia David Hooper alitoa katika majani yake alkaloidi iliyoitwa vasisini. Baadaye mmea ukachunguzwa katika Calcutta na Ram Nath Chopra, daktari wa Kihindi aliyejitolea kuzipima dawa za kwao kwa vipimo vya maabara, naye akauandika katika kitabu chake kikubwa cha dawa za kienyeji za India kilichotolewa mwaka 1933. Chopra hakuwa mtu wa kudharau mambo ya kwao, wala hakuwa mtu wa kuyaamini kwa sababu tu ni ya kwao. Alitaka dawa ifaayo ijulikane kuwa yafaa, na isiyofaa iachwe, ili maskini wa India wapate dawa rahisi iliyo kweli dawa.

Kazi hiyo iliendelea mbali na India. Wakemia wa Ujerumani walilifuata umbo la vasisini, wakalibadili, wakapata kitu kipya kiitwacho bromheksini, nacho kikaanza kuuzwa na Boehringer Ingelheim mwaka 1963 kwa jina la Bisolvon. Kazi yake ni kulifanya kohozi kuwa jepesi ili mgonjwa aweze kulitoa. Kitu ambacho mwili huigeuza bromheksini kuwa, yaani ambroksoli, nacho kikatolewa kuwa dawa mwishoni mwa miaka ya 1970. Dawa hizo mbili zimeenea katika nchi nyingi za dunia, Afrika Mashariki ikiwamo. Mama anunuaye chupa yake kwa ajili ya kikohozi cha mtu wa nyumbani hana habari kuwa asili yake ni jani la kichaka cha Bara Hindi. Na chupa haimwambii.

Hapo pana dhuluma, na haifai kupita bila kutajwa. Walioujua mmea kwa karne nyingi hawakupata sehemu katika faida, wala hata shukrani ya jina. Hata hivyo njia hiyo ilileta jambo ambalo Chyawanprash haikulipata: mtu aweza kuuliza swali na kujibiwa. Faida ya dawa hizo imejulikana kuwa ya wastani, si ya ajabu, na hayo yameandikwa. Madhara yake nayo yameandikwa: mwaka 2015 wakuu wa dawa wa Ulaya, baada ya kuzichunguza taarifa, waliagiza karatasi za ambroksoli na bromheksini zitaje hatari ndogo ya mzio na ya maradhi makali ya ngozi. Na jani lenyewe, lilipochunguzwa huko Jammu, lilionekana kuwa na siri yake. C. K. Atal alitoa mwaka 1980 maelezo ya kuwa vasisini huukaza mji wa mimba na yaweza kuharibu mimba. Onyo hilo lina faida kwa kila mwanamke mjamzito aambiwaye kuwa kitokacho katika mmea hakidhuru.

Sheria za India zimeziacha njia hizo mbili ziende sambamba. Sheria ya dawa ya mwaka 1940 iliongezewa mwaka 1964 sura ya dawa za Ayurveda, na humo kipimo cha kwanza ni kitabu: dawa iliyotengenezwa kwa kufuata vitabu vilivyoorodheshwa huhesabiwa kuwa halali, pasipo kudaiwa majaribio yanayodaiwa dawa mpya ya maabara. Sheria nyingine, ya mwaka 1954, yakataza matangazo ya dawa zidaizo kuponya maradhi yaliyotajwa, kifua kikuu na homa ya mapafu yakiwa miongoni mwayo. Msomaji makini ataona pengo lililobaki kati ya sheria hizo. Neno kinga halitaji ugonjwa wowote. Mwenye kuuza aweza kulitamka kwa sauti kubwa, wala hakuna awezaye kumshika kwa ahadi isiyo na jina la mgonjwa wala la ugonjwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kuna vitu vya katikati, si vibaya, ambavyo vimetembezwa hata wema wake wa asili ukasahauliwa.

Mambo hayo yalijidhihirisha mwaka 2020, maradhi ya COVID-19 yalipoenea. Mwishoni mwa mwezi Machi wizara ya India inayosimamia tiba za kienyeji, iliyoundwa mwaka 2014, ilitoa mashauri ya kuimarisha kinga. Ikawashauri watu walambe gramu 10 za Chyawanprash kila asubuhi, wenye kisukari wakitumia ile isiyo na sukari, na wanywe maji ya moto yenye mrehani mtakatifu wa Kihindi, mdalasini, pilipili manga na tangawizi. Wizara haikudai kuwa hayo yaponya ugonjwa huo, na mwezi Aprili ikaagiza yakomeshwe matangazo ya dawa zilizodaiwa kuuponya pasipo ushahidi. Lakini katika masikio ya watu wenye hofu, tofauti kati ya kuimarisha na kukinga ni nyembamba mno, na kati ya kukinga na kuponya ni nyembamba zaidi.

Usafi wa kilichomo nao ni swali lisilojibiwa na kitabu. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa katika maduka ya Boston na vitongoji vyake, nchini Marekani. Katika 14 wakakuta risasi, zebaki au zaranikhi. Uchunguzi huo haukuwa wa Chyawanprash peke yake, wala hautoshi kuzihukumu dawa zote. Watosha kuonyesha kwamba umri wa jina haumhakikishii mnunuzi kilichomo ndani ya kopo alilolishika leo.

Jambo hili si la wanahistoria peke yao. Kwa mujibu wa taarifa za Shirika la Afya Ulimwenguni, India ndiyo nchi yenye wagonjwa wengi zaidi wa kifua kikuu, karibu robo ya wote duniani. Ugonjwa huo huanza kwa kikohozi, na kikohozi kizidicho wiki mbili chastahili kupimwa makohozi. Mtu alambaye kijiko cha dawa tamu huku akipata chakula chake na matibabu yake hadhuriki na kijiko hicho, na huenda kikamtuliza koo. Lakini mtu ambaye neno kinga limemfanya angoje mwezi wa pili na wa tatu hulipia neno hilo kwa mapafu yake, na kwa mapafu ya watoto walalao naye chumba kimoja.

Historia ya dawa hizi mbili haimpi ushindi yule asemaye kuwa ya kale yote ni upuuzi, kwa sababu jani la vasaka lilikuwa na kweli ndani yake kabla ya maabara kuzaliwa. Wala haimpi ushindi yule asemaye kuwa ya kale yote ni kweli, kwa sababu jani hilohilo lilikuwa na hatari ambayo ilingoja maabara ili ielezwe. Linalobaki kufanywa, katika Bara Hindi na popote penye waganga na mizizi, ni kuitendea kila dawa kama Chopra alivyotaka: ipimwe kwa ahadi yake yenyewe, na walioihifadhi watajwe. Ahadi ya kwanza ya dawa ya mzee Chyavana, kama ilivyoandikwa, ilikuwa kumsaidia mwenye kikohozi na kumlisha aliyedhoofika, kwa kiasi kisichomharibia chakula. Hiyo ni ahadi ya kiasi, tena yaweza kupimwa. Na ikipimwa ikaonekana kuwa kweli, haitahitaji tena ujana wa mzee aliyetoka majini kuwa shahidi wake.